Bima za Marekani na matibabu ya kutafuta mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Marekani na wenye bima ya huku, wawe wametoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi au kwingineko. Maswali ni yale yanayorudi kila mara misikitini, makanisani, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye simu za usiku baada ya watu kutoka kazini. Sheria za bima hubadilika, kwa hiyo kabla ya kuamua jambo la fedha soma kwanza mkataba wako wa mwaka huu.

## Mambo ya msingi

1. Je, bima za Marekani hulipia IVF?

Nyingine hulipia, nyingine hazilipii kabisa. Hakuna sheria ya nchi nzima inayoilazimisha kampuni binafsi ya bima kulipia IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili kisha kulipandikiza kizazini. Sheria ya bima ya 2010, ambayo wengi huiita Obamacare, iliweka makundi kumi ya huduma za lazima. Ujauzito na kujifungua vimo. Matibabu ya ugumba hayakutajwa. Ndiyo maana mtu anaweza kulipiwa upasuaji wa kujifungua kwa maelfu ya dola, lakini akaambiwa hana haki ya hata sindano moja ya kukuza mayai.

Jibu lako wewe linategemea mambo matatu: jimbo ambako mkataba wa bima uliandikwa, aina ya mpango wa mwajiri wako, na vile mwajiri alivyoamua kununua. Jimbo unaloishi peke yake halitoshi (tazama swali la 4).

Bila bima, mzunguko mmoja wa IVF kwa kawaida hugharimu kati ya dola 15,000 na 20,000, na dawa huongeza maelfu mengine juu yake. Ndiyo sababu inafaa kusumbuka na karatasi kabla ya kugusa akiba.

2. Na vipimo je?

Hapa kuna nafuu. Mipango mingi isiyolipia matibabu hulipia uchunguzi wa chanzo: damu ya kupima homoni, picha ya mirija ya uzazi, ultrasound, kipimo cha mbegu za kiume. Usikae nyumbani kwa kudhani kuwa "bima yangu haina mambo ya uzazi". Fanya uchunguzi kwanza. Mara nyingine unachopatikana nacho ni ugonjwa wa kawaida ambao bima inautibu bila swali (tazama swali la 17).

3. Ni majimbo gani yana sheria ya kulazimisha IVF?

Massachusetts ni kati ya ya zamani, tangu 1987, na hadi leo sheria yake ni miongoni mwa zilizo bora. Maryland, Illinois, New Jersey, Connecticut, Rhode Island, Delaware, New Hampshire na Maine nazo zina sheria za IVF. New York ilianza Januari 2020, kwa mipango ya waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 100. Colorado ilifuata 2023, Washington D.C. 2025, na California tarehe 1 Januari 2026, nayo pia kwa waajiri wenye zaidi ya 100. Hawaii inalazimisha mara moja tu maishani. Arkansas inaruhusu bima kuweka ukomo wa dola 15,000.

Texas ina sheria ya aina nyingine. Kampuni ya bima inalazimika kumwonyesha mwajiri mpango wenye IVF, lakini mwajiri ana haki ya kuukataa, na wengi huukataa. Minnesota, Georgia, Arizona na North Carolina, ambako jamaa zetu ni wengi, hazina sheria ya kuilazimisha bima kulipia IVF. Huko yote yako mikononi mwa mwajiri.

Angalia pia ukubwa wa kampuni. Maryland na New Jersey zinawabana waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 50. Ukifanya kazi kwenye duka dogo la familia, huenda sheria nzuri ya jimbo lako isikufikie.

4. Naishi Massachusetts na nimeambiwa sheria ipo. Mbona wamenikatalia?

Kati ya maswali yote, hili ndilo linaloumiza watu zaidi.

Kuna waajiri wanaonunua bima: wanailipa kampuni, na kampuni ndiyo inayobeba gharama za matibabu. Mpango huo uko chini ya sheria za jimbo. Lakini kuna waajiri, hasa wakubwa, wanaolipa matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zao wenyewe na kuikodi kampuni ya bima kwa kazi ya karatasi tu. Sheria ya taifa ya 1974 inayoitwa ERISA inaiweka mipango hiyo nje ya sheria za bima za majimbo. Jimbo likisema "IVF lazima", mwajiri huyo halazimiki.

Wafanyakazi walio kwenye mipango ya aina hii ni zaidi ya nusu ya wote wenye bima ya kazini. Maghala makubwa, hospitali nyingi na viwanda vya nyama vyenye matawi kila mahali viko huku. Kadi yako ina nembo ileile ya kampuni ya bima kama ya jirani yako, rangi ileile, namba ileile ya simu. Yeye analipiwa, wewe hulipiwi. Usimlaumu daktari, wala usidhani umekosea kujaza fomu.

5. Nitajuaje mpango wetu ni wa aina gani?

Waandikie barua pepe watu wa HR (ofisi ya masuala ya wafanyakazi) swali moja: mpango wetu ni "fully insured" (ulionunuliwa) au ni "self-funded" (wa fedha za mwajiri)? Tumia maneno hayohayo, kwa sababu ndiyo wanayoyajua. Usikubali kujibiwa kwa mdomo kwenye korido. Baadhi ya kadi hudokeza: zikiandikwa kwamba kampuni ya bima inasimamia tu, "administered by", mara nyingi fedha ni za mwajiri.

Kisha omba kitabu cha maelezo ya mpango, kinachoitwa Summary Plan Description. Ile karatasi ya kurasa chache unayopewa wakati wa kujiandikisha haitoshi. Omba kitabu chenyewe. Kwa mwajiri binafsi, msimamizi wa mpango akiombwa kwa maandishi ana siku 30 za kukitoa, na akikaidi mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa siku. Kikifika, tafuta neno "infertility" mara mbili: kwenye orodha ya faida, na kwenye orodha ya vitu visivyolipiwa. Watu wengi husoma ya kwanza wakasahau ya pili.

6. Ofisi kuu ya kampuni iko jimbo jingine. Inanihusu?

Ndiyo, na inaweza kukufaa au kukudhuru. Kwa mpango ulionunuliwa, mara nyingi inayotawala ni sheria ya jimbo ambako mkataba ulitolewa. Mtu anayeishi Minnesota lakini bima ya kazi yake imeandikwa Illinois anaweza kuwa na haki ambazo majirani zake hawana. Uliza HR: mkataba wetu umetolewa jimbo gani?

## Nani anastahili

7. "Miezi kumi na miwili ya kujaribu" huanza kuhesabiwa lini?

Karibu kila mpango una kipimo hiki: mwaka mmoja wa kujaribu bila kinga na bila kupata mimba, au miezi sita kwa mwanamke aliyevuka umri fulani. Mstari huo wa umri haufanani kila mahali. New York inawapa miezi sita walio na miaka 35 au zaidi. Massachusetts inawapa waliopita 35. Mwanamke mwenye miaka 35 kamili anasubiri nusu mwaka New York na mwaka mzima Massachusetts.

Hesabu inaanza siku mlipoacha kinga, wala si siku mlipofika kliniki. Lakini bima haiwezi kuona chumbani kwenu. Inaona kilichoandikwa kwenye faili. Wengi wetu tunakaa kimya kwa haya miaka mitatu, halafu tunapomwona daktari tunasema tu "tunatafuta mtoto", naye anaandika tarehe ya siku hiyo. Sema wazi: "Tumeacha kinga tangu Machi mwaka juzi." Mwombe aiandike, kisha fungua maelezo ya ziara kwenye simu yako uhakikishe ameiandika.

Kama chanzo kinajulikana, mipango mingi haikulazimishi kusubiri. Mirija yote miwili ikiwa imeziba, au kipimo cha mume kikionyesha hana mbegu kabisa, mwaka wa kujaribu hauna maana yoyote. Daktari aandike hivyo kwenye ombi.

8. Nimepata mimba mbili zikaharibika. Wanasema hesabu inaanza upya.

Si kila mahali. Sheria ya Massachusetts inasema kwamba mwanamke aliyeshika mimba isifike kuzaliwa, muda aliojaribu kabla ya mimba ile nao unahesabiwa. Mpango wako ukiwa chini ya sheria hiyo na bado wanakuambia uanze sifuri, peleka rufaa (swali la 18). Kwingineko soma jinsi kitabu cha mpango wako kinavyoeleza ugumba, kisha mwombe daktari akuandike pia kwa tatizo lenyewe la mimba kuharibika, ambalo lina uchunguzi na matibabu yake.

9. Mume wangu ana watoto nyumbani. Au: mimi nina mtoto wa kwanza. Tunastahili?

Kwa kawaida ndiyo. Ugumba unaokuja baada ya mtoto wa kwanza ni ugumba. Mipango michache ya waajiri huweka masharti yake, kwa hiyo soma.

10. Lazima mume apimwe?

Ndiyo, tena mapema. Mipango mingi haitoi idhini ya matibabu bila kipimo cha mbegu za kiume kwenye faili. Nimeona maombi mengi yakikwama hapa kuliko popote. Mke amechomwa, amepigwa picha, amelala njaa kwa vipimo vya damu, faili lake limejaa. Faili la mume ni tupu, kwa sababu "mimi nina watoto wawili Kigoma, tatizo si mimi."

Ndugu zangu wanaume, kuwa na mtoto wa miaka kumi hakuonyeshi hali ya mbegu leo. Chanzo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na cha mwanamke, ni cha kawaida sana. Kipimo hakichomi, huchukua dakika chache, na mara nyingi bima hukilipia. Kila mwezi unaochelewesha, umri wa mkeo unasogea kuelekea mstari ambao bima nyingine huutumia kukataa. Kumwacha mwanamke abebe maneno ya mawifi na pia abebe vipimo vyote peke yake ni kumdhulumu.

Uliza pia bima ya nani inalipa nini. Kama kila mmoja ana bima ya kazini kwake, kipimo cha mume huenda kwenye bima ya mume.

11. Kuna umri wa mwisho?

Mipango mingi inao, hasa kwa mayai ya mwanamke mwenyewe, na mara nyingi uko kwenye miaka ya arobaini. Mingine haitaji umri bali huangalia vipimo vya akiba ya mayai. Usisikilize ya rafiki yako. Soma kitabu chako.

12. Tulifunga ndoa msikitini tu, au kwa mahari nyumbani. Mke wangu anaweza kuingia kwenye bima yangu?

Hapa familia nyingi hukwama. Mwajiri anapoandika "mwenzi" kwa kawaida anamaanisha ndoa inayotambuliwa na sheria. Nikaha iliyofungwa Marekani bila leseni ya ndoa ya kaunti ni halali mbele ya Mungu na mbele ya wazee, lakini katika majimbo mengi serikali haiijui, na bima pia haiijui. Dawa yake ni kwenda ofisi ya kaunti kuchukua leseni, kisha imamu au mchungaji mwenye ruhusa asaini. Mkishaandikishwa, mna angalau siku 30 za kumwingiza mwenzi kwenye bima ya kazini bila kungoja msimu wa kujiandikisha. Zikipita, mnasubiri hadi msimu huo.

Ndoa iliyofungwa Tanzania, Kenya au Kongo kwa mujibu wa sheria za huko hutambuliwa kwa kawaida. Mtahitaji cheti: kwa Tanzania ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kitafsiriwe rasmi. Mke wa pili hawezi kuandikwa kama mwenzi, hata kama ndoa yake ni halali nyumbani.

13. Sijaolewa. Je, nina haki?

Inategemea jimbo na mpango. Oktoba 2023 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ASRM, kilipanua maana ya ugumba ili iwaguse pia wasio na mwenzi, na sheria mpya, mfano ya California, zinafuata mwelekeo huo. Texas imebaki upande wa pili: IVF inayotajwa kwenye sheria yake ni ya mayai ya mgonjwa na mbegu za mume wake, tena baada ya miaka mitano ya ugumba isipokuwa kwa magonjwa yaliyotajwa.

14. Nilifunga kizazi baada ya mtoto wa nne. Sasa nimeolewa tena.

Mipango mingi hukataa ugumba uliotokana na kufunga kizazi kwa hiari, na kurudisha mirija pia hailipiwi. Lakini kama kuna tatizo jingine lililothibitishwa, upande wako au wa mume, daktari aliandike kwa jina lake. Na kama hukuridhia kufungwa, kwa mfano ulifungwa wakati wa upasuaji wa dharura, hilo si la hiari. Tafuta rekodi.

## Simu, karatasi na fedha

15. Nikipiga simu bima, niulize nini?

Usiulize "mnalipia IVF?" Utajibiwa "ndiyo" au "hapana" na mtu anayesoma skrini. Uliza kwa namba. Matibabu ya Marekani yana namba, na anayepokea simu huziingiza kwenye mfumo:

58322 ni kuweka mbegu ndani ya kizazi. 58970 ni kuvuna mayai. 58974 ni kupandikiza kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa. Kwa ugonjwa, N97.0 ni mayai kutopevuka, N97.1 ni tatizo la mirija, N46 ni ugumba wa mwanamume.

Sema: "Nataka kujua kama 58970 inalipiwa nikiwa na N97.1, katika kliniki hii, na kama inahitaji idhini ya awali." Wakijibu, uliza ni kiasi gani utalipa mwenyewe kabla hawajaanza kuchangia, na kama kuna ukomo wa kiasi watakacholipa maishani mwako. Kisha omba namba ya kumbukumbu ya simu na jina la aliyekupokea, uandike na tarehe. Siku bili itakapokuja, namba hiyo itakuwa shahidi wako.

Kiingereza kikikupa shida, sema "Swahili interpreter" mara tu simu inapopokelewa. Bima na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kukupa mkalimani bure. Usimtumie mtoto wako wa miaka kumi na mbili kwa mazungumzo haya.

16. "Mizunguko mitatu" maana yake nini hasa?

Majimbo hayahesabu sawasawa, na tofauti yake ni maelfu ya dola. New York huhesabu mzunguko kuanzia dawa: ukivuna mayai na kupandikiza kiinitete kibichi, huo ni mmoja; ukirudi baadaye kupandikiza kilichogandishwa, huo ni mwingine. California huhesabu uvunaji wa mayai, mitatu, na upandikizaji hauna idadi maalumu ilimradi miongozo ya ASRM ifuatwe. Illinois inatoa uvunaji mara nne, na ukipata mtoto unaongezewa mara mbili. Maryland ni majaribio matatu kwa kila mtoto anayezaliwa, na ukomo wa dola 100,000 maishani.

Waajiri wengine huweka ukomo wa fedha, tuseme dola 25,000. Sheria ya 2010 ilipiga marufuku ukomo wa maisha kwa huduma za lazima, lakini kwa kuwa ugumba haumo kwenye orodha ile, ukomo unaruhusiwa. Uliza kama dawa zinakula kwenye fungu hilohilo. Dawa kwa kawaida hupitia upande wa duka la dawa, wenye kadi yake, idhini yake na duka lake maalumu. Kuna watu waliopata idhini ya kuvuna mayai wakakosa sindano siku ya kuanza, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba idhini ni mbili. Na kila idhini ina tarehe ya mwisho. Ukisogeza mzunguko kwa ajili ya Ramadhani au safari ya nyumbani, hakikisha haijaisha.

17. Nina uvimbe kwenye kizazi. Hiyo ni "uzazi" au ni ugonjwa?

Ni ugonjwa. Uvimbe wa fibroidi huwapata wanawake weusi zaidi na katika umri mdogo zaidi, na kuuondoa ni upasuaji wa kawaida ambao bima nyingi hulipia hata zisipokuwa na faida ya uzazi. Hivyohivyo endometriosisi (utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake) na uvimbe kwenye ovari. Lakini ombi likipelekwa kana kwamba sababu pekee ni kutafuta mimba, linaweza kutupwa kwenye kapu la ugumba na kukataliwa. Kama unatoka damu nyingi, una maumivu au upungufu wa damu, yaseme yote, kwa sababu ni ya kweli na ndiyo sababu ya kutibiwa.

18. Wamenikatalia. Nifanye nini?

Kwanza isome barua, kwa sababu kukataa ni kwa namna mbili na kila moja ina njia yake.

Namna ya kwanza: "hujatimiza vigezo", au "si lazima kitabibu". Hapa mlango uko wazi. Una siku 180 za kupeleka rufaa ndani ya bima yenyewe. Kwa matibabu ambayo hujayapata wanatakiwa wajibu ndani ya siku 30, kwa uliyokwisha kuyapata ni 60, na kwa jambo la dharura ni saa 72. Ambatanisha barua ya daktari inayojibu kigezo kimoja kimoja kwa mpangilio uleule wa barua ya kukataa. Wakisema "hakuna uthibitisho wa miezi 12", weka ukurasa wa faili wenye tarehe na uuzungushie kalamu. Wakikataa tena, una miezi minne ya kuomba mtu wa nje asiye wa bima aamue, na uamuzi wake bima inalazimika kuufuata.

Namna ya pili: "huduma hii haimo katika mpango". Hapa barua ya daktari haitasaidia sana, hata iwe nzuri vipi, kwa sababu hawabishani kuhusu ugonjwa wako. Rudi kwenye swali la 5. Mpango ukiwa wa kununuliwa na jimbo la mkataba lina sheria, peleka malalamiko kwenye idara ya bima ya jimbo hilo, ni bure. Ukiwa wa fedha za mwajiri, njia iliyobaki ni mwajiri mwenyewe. Mwandikie. Anaweza kuubadilisha mpango mwaka unaofuata, na Oktoba 2025 serikali kuu ilitoa mwongozo unaoeleza jinsi mwajiri anavyoweza kutoa faida ya uzazi pembeni, kama zinavyotolewa za meno na macho. Hakuna anayemlazimisha, lakini hawezi kusema haiwezekani.

Tafadhali msikubali "hapana" ya kwanza ya simu. Ya simu si uamuzi. Omba barua.

## Hali za pembeni

19. Nina Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo.

Karibu kote haitalipia IVF, na hata sheria ya California imeiacha Medi-Cal, yaani Medicaid ya huko, nje. New York inalipia vidonge vya kupevusha mayai kwa mizunguko mitatu, kwa wenye umri wa miaka 21 hadi 44. Vipimo na matibabu ya magonjwa yanayozuia mimba omba popote ulipo.

20. Niko jeshini, au nafanya kazi serikali kuu.

TRICARE, bima ya wanajeshi, hulipia uchunguzi lakini kwa kawaida hailipii IVF, isipokuwa kwa wanajeshi waliopata majeraha makubwa yaliyoathiri uzazi. Kwa wastaafu wa jeshi ambao ugumba wao umetokana na utumishi, VA, idara ya serikali inayowahudumia, hulipia, na tangu Machi 2024 haiulizi tena kama umeoa. Mipango ya wafanyakazi wa serikali kuu, tangu 2024, inapaswa kulipia uwekaji wa mbegu kizazini na dawa za mizunguko mitatu ya IVF kwa mwaka; gharama za IVF yenyewe zinategemea mpango utakaochagua.

21. Nikibadilisha kazi katikati ya matibabu?

Bima mpya haiwezi kukukataa kwa kuwa ulikuwa mgonjwa kabla, lakini inaweza kukuwekea hadi siku 90 za kungoja, na haifungwi na idhini iliyotolewa na bima ya zamani. Kazi ya zamani ikiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, una siku 60 za kuchagua kubaki na bima yake kupitia COBRA, kwa kawaida hadi miezi 18, ukilipa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Ni ghali. Lakini kama mayai yako yanavunwa mwezi ujao, piga hesabu: miezi miwili ya COBRA inaweza kuwa nafuu kuliko mzunguko mmoja wa mfukoni.

22. Ni kweli watu hutafuta kazi kwa ajili ya faida hii?

Kweli, na si aibu. Starbucks inajulikana kwa kuwapa faida za uzazi hata wanaofanya saa 20 kwa wiki. Kabla ya kuhama kazi omba kitabu cha mpango wa mwaka huo, kwa sababu waajiri hubadilisha. Waajiri wa kidini, kwa upande wao, wamesamehewa sheria hizi katika majimbo kadhaa.

23. Nimepatikana na saratani na chemotherapi inaanza karibuni. Mayai yangu je?

Hili halingoji miezi 12. Majimbo kadhaa, yakiwemo New York, Illinois na Connecticut, yanalazimisha bima kulipia kugandisha mayai au mbegu kabla ya matibabu yanayoweza kuua uzazi. Mwambie daktari wa saratani leo, aombe idhini kwa njia ya haraka, ile ya saa 72.

24. Bima inaniambia nitumie mayai ya mwanamke mwingine, na dini yangu hairuhusu.

Hakuna mpango unaoweza kukulazimisha. Kinachotokea ni kwamba, akiba ya mayai ikiwa ndogo, bima nyingine hukataa kulipia mayai yako na kukubali kulipia ya kupewa. Unaweza kukataa hayo na ukakata rufaa kwa ajili ya yako, daktari akieleza nafasi uliyonayo. Mwambie pia kama hamtaki viinitete vya ziada, ili idadi ya mayai yatakayorutubishwa ipangwe mapema na iandikwe kwenye fomu ya ridhaa.

25. Tukienda kutibiwa Nairobi, Dar es Salaam au India, bima ya huku italipa?

Kwa kawaida hapana, kwa sababu kliniki haimo kwenye mtandao wao. Lakini fedha mlizoweka kwenye akaunti ya afya, HSA au FSA, zinaweza kulipia matibabu ya nje yaliyo halali huko na huku, na gharama zinazozidi asilimia 7.5 ya kipato chenu zinaweza kupunguzwa kwenye kodi mkiorodhesha makato. Dawa mlizonunua nje na kuja nazo huku hazihesabiwi. Omba risiti yenye jina la mgonjwa, tarehe na huduma iliyotolewa, na kama ni ya shilingi mhasibu ataigeuza kwa kiwango cha dola cha siku mliyolipa.

Mume akiwa bado yuko nyumbani anasubiri viza, mwambieni daktari wa huku. Miezi mliyoishi mbalimbali bima haitaihesabu kuwa ya kujaribu, lakini kipimo chake cha maabara ya huko kinaweza kuingizwa kwenye faili, kikitafsiriwa, na mkaokoa miezi atakapofika.